Kiwanda chako ndani ya eneo la viwanda au eneo huru nchini Uganda: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mwekezaji mdogo

Karibu kila wiki mtu huketi mbele ya meza yangu hapa Mbale, akafungua simu, akanionyesha picha ya mashine ya kukamua alizeti au kusaga mahindi, kisha akauliza maswali yaleyale: ardhi ya serikali inapatikanaje, kodi inasamehewa kwa miaka mingapi, na je, mtu wa Kenya au Tanzania anaruhusiwa? Majibu yapo, ila hayaenei katika mazungumzo ya dakika kumi, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa utaratibu ninaoufuata ninapomsindikiza mteja kutoka jina la kampuni hadi dumu la kwanza la bidhaa. Mwongozo huu ni wa mwekezaji mdogo na wa kati; mwenye dola milioni hamsini ana mawakili wake.

Tutumie mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, yaani kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti, kwa kuwa ndicho ninachoulizwa zaidi.

Maneno mawili usiyoyachanganya

Eneo la viwanda ni ardhi iliyotengwa kwa ajili ya viwanda na kupangiwa barabara, umeme, maji na mifereji. Lililo maarufu kuliko yote ni Namanve, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, lenye ekari zipatazo 2,200 zilizokatwa kutoka katika hifadhi ya msitu. Yapo pia Luzira, Bweyogerere, Jinja, Soroti, Kasese, Mbarara na Kapeeka wilayani Nakaseke, na hapa Mbale kuna eneo la ekari 619 linaloendelezwa na kampuni ya Kichina, ambalo lilizinduliwa mwaka 2018. Ukiwa humo, kwa sheria za forodha uko Uganda kama duka lolote la mjini.

Eneo huru ni jambo jingine kabisa. Kwa mujibu wa Sheria ya Maeneo Huru ya mwaka 2014, sehemu hiyo huhesabiwa kuwa nje ya himaya ya forodha, ingawa mama wa chai anaingia humo kila asubuhi kutoka kijiji cha jirani. Malighafi huingia bila ushuru, maofisa wa forodha husimamia lango, na bidhaa inayotoka kwenda kuuzwa nchini huchukuliwa kana kwamba imeagizwa kutoka ng'ambo. Mamlaka yake iliunganishwa mwaka 2024 na bodi ya kuhamasisha mauzo ya nje, na sasa watu huiita UFZEPA. Maeneo ya viwanda ya serikali yako chini ya UIA, yaani Mamlaka ya Uwekezaji ya Uganda.

Vinavyohitajika kabla hujaanza

- Andiko la mradi la kurasa kumi hadi kumi na tano, linalosema utakamua tani ngapi za mbegu kwa siku, mbegu zitatoka wapi, utaajiri watu wangapi, utahitaji kilowati ngapi za umeme na lita ngapi za maji, na taka zitakwenda wapi.
- Taarifa za benki au barua ya mkopo inayothibitisha kwamba mtaji upo. Ahadi ya shemeji aliyeko Dubai haitoshi.
- Ankara za awali za mashine kutoka kwa wauzaji wawili au zaidi. Omba ankara, lakini usilipe hata senti.
- Vitambulisho vya taifa au pasipoti za wakurugenzi wote.
- Barua mbili tatu za wanunuzi, zikitaja mji walipo. Sababu ya kutaja mji utaiona katika hatua ya kwanza.
- Mhasibu, na mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Hatua

1. Amua mteja wako yuko wapi kabla ya kuamua kiwanda kiwe wapi.

Hatua hii haina fomu wala ada, na ndiyo inayorukwa na wengi. Mtu husikia kwamba ndani ya eneo huru hakuna ushuru, akakimbilia huko, kumbe wateja wake wote wako Kikuubo, Kampala. Itifaki ya Umoja wa Forodha ya Afrika Mashariki inataka bidhaa za eneo huru ziwe za kuuzwa nje, na mauzo ya ndani yasizidi asilimia 20 ya uzalishaji wa mwaka, tena kwa kibali na kwa kulipiwa ushuru kamili.

Sasa sikiliza vizuri neno "ndani". Wafanyabiashara wa mpakani, hasa ndugu zetu wa Busia na Malaba, hudhani kuuza Nairobi ni kuuza nje. Kwa lugha ya kawaida ni kweli, kwa lugha ya forodha sivyo: himaya ya forodha ni ya nchi wanachama kwa pamoja, na mafuta yaliyokamuliwa ndani ya eneo huru la Uganda yakifika Kenya hutozwa ushuru wa pamoja, yaani ule ambao nchi wanachama hutoza bidhaa za kutoka nje, kama yaliyotoka Malaysia. Mafuta hayohayo yakikamuliwa ndani ya eneo la viwanda la kawaida, kwa mbegu za Lira au Soroti, huvuka Malaba bila ushuru, mradi yawe na cheti cha uasili wa bidhaa. Ukilenga Juba au Bunia, mwandikie kamishna wa forodha na upate jibu kwa maandishi kabla ya kuchagua lango, kwa sababu Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo ya Kinshasa mwaka 2022.

Usisahau mashudu. Mkamuaji hutoa mashudu mengi kuliko mafuta, na wanunuzi wake ni wafugaji wa kuku wa hapahapa. Ukiwa ndani ya eneo huru, kila gunia la mashudu linalotoka langoni kwenda kwa mfugaji ni mauzo ya ndani yanayokula ile asilimia 20.

Wengine huchagua eneo huru wakidhani wataokoa ushuru wa mashine. Katika jedwali la ushuru wa pamoja, mashine nyingi za kiwandani tayari ziko kwenye kiwango cha asilimia 0, popote utakapozifunga. Ushuru mkubwa, wa asilimia 25 na 35, unaziangukia bidhaa zilizokamilika. Kwa maoni yangu, mwekezaji mdogo anayekamua mbegu za Uganda na kuuza Afrika Mashariki hana haja ya eneo huru. Linamfaa yule anayeleta malighafi kutoka mbali, akaitengeneza, akaisafirisha Ulaya au Asia.

2. Sajili kampuni na upate namba ya mlipakodi.

Jina huhifadhiwa na kampuni husajiliwa URSB, ofisi ya usajili wa kampuni, kwa njia ya mtandao, kisha namba ya mlipakodi huombwa URA, mamlaka ya mapato. Katika malengo ya kampuni andika wazi kwamba ni ya uzalishaji viwandani. Nimeona kampuni iliyosajiliwa kwa "biashara ya jumla" ikirudishwa kurekebisha hati zake kabla maombi hayajasomwa.

3. Omba leseni ya uwekezaji na kiwanja.

Maombi ya eneo la viwanda la serikali hupelekwa UIA pamoja na andiko la mradi. Kituo chao cha huduma za pamoja kiko Kololo, Kampala, na utawakuta maofisa wa URSB, URA, uhamiaji na mazingira chini ya paa moja, jambo linalomwokolea mtu wa mikoani nauli nyingi. Ikiwa eneo linaendeshwa na kampuni binafsi, mazungumzo ya kiwanja utayafanya na kampuni hiyo, na bei ni ya soko. Kwa upande wa eneo huru, jiulize kwanza unaomba nini: leseni ya mwendelezaji ni ya anayejenga eneo lenyewe, leseni ya mwendeshaji ni ya anayezalisha ndani yake, na wengi wanaonijia wanahitaji hii ya pili.

Asiye raia wa Uganda hamiliki ardhi moja kwa moja. Hupewa upangaji usiozidi miaka 99. Kiwanja cha eneo la viwanda huja na masharti ya kuanza na kumaliza ujenzi kwa muda uliotajwa, na waliochukua viwanja wakavilaza wakisubiri bei ipande ni kero ya miaka mingi Namanve. Soma kifungu cha muda kabla ya kifungu cha bei.

*Tahadhari.* Mtu akikuambia kwamba ana "barua ya kiwanja" na anakuuzia nafasi yake, mwambie mwende pamoja kwa mamlaka iliyoitoa. Kama barua ni halali, safari hiyo haitamkera.

4. Kikague kiwanja kwa miguu, tena wakati wa mvua.

Ramani haina matope. Nenda Aprili au Novemba, vaa gambuti, mchukue mpima ardhi aliyesajiliwa, na kabla ya kuingia mpitie mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, umsalimie na kumweleza shida yako. Atakuonyesha maji yanakopita na nani analima wapi. Tafuta mawe ya mpaka yote manne na ulinganishe namba zake na za ramani ya upimaji. Kiwanja kimoja nilichokikagua kilikuwa na mawe matatu tu. La nne lilikuwa chini ya jiko la mihogo la bibi mmoja, ambaye aliniambia kwa upole kwamba yeye amelikuta hapo, na kwamba linakaa vizuri chini ya sufuria.

Kisha chimba shimo la mita moja na nusu. Likijaa maji hadi asubuhi, andaa bajeti ya kujaza udongo wa morramu, kwa kuwa sehemu kadhaa za maeneo yetu, Namanve ikiwemo, ziko karibu na vinamasi, na gharama ya kuinua kiwanja yaweza kuzidi ya kujenga ukuta wake. Mwisho, hakikisha kwenye ofisi ya ardhi ya kanda kwamba hati haina zuio wala rehani.

5. Pata cheti cha mazingira na kibali cha ujenzi, kwa mpangilio huo.

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 inataka tathmini ya athari kabla ya ujenzi, na kina cha tathmini hutegemea ukubwa wa mradi. Kuwa ndani ya eneo la viwanda hakukuondolei wajibu wako mwenyewe. Kiwanda cha mafuta kitaulizwa kuhusu maji taka yenye grisi, moshi wa boila na kuni zake, basi andiko lako liwe na majibu hayo tayari. Michoro ya jengo isainiwe na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, ipelekwe kwenye kamati ya udhibiti wa ujenzi ya jiji au wilaya, na usimwage zege kabla ya kibali. Jengo likiisha utahitaji pia kibali cha kulitumia.

6. Omba umeme na maji mapema kuliko unavyodhani.

Tangu Aprili 1, 2025, baada ya mkataba wa kampuni iitwayo Umeme kumalizika, maombi ya umeme hupelekwa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, na maji ni ya NWSC, shirika la taifa la maji. Kosa hapa nililifanya mimi mwenyewe: nilijumlisha kilowati za mota zote za mteja, nikaandika jumla hiyo kwenye fomu, nikasahau kwamba mota kubwa huvuta mkondo mwingi zaidi inapoanza kuzunguka. Siku ya majaribio mota ya kikamulio ilinguruma kidogo, taa zikafifia, na fyuzi ya transfoma ikakatika kwa mlio uliowatoa wapishi wa ng'ambo ya barabara. Siku hizi fomu hiyo hujazwa na fundi wa umeme mwenye kibali.

Uliza pia kuhusu bei ya saa. Wateja wakubwa hulipa bei ya juu kuanzia saa 12 jioni hadi saa 6 usiku, na ya chini kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi. Kikamulio kinachofanya kazi alfajiri kinalipia umeme nafuu kuliko cha jioni.

7. Sasa lipia mashine.

Kumbuka ile picha ya kwenye simu. Ukiwa na kiwanja, cheti na kibali, agiza. Hakikisha hati za usafirishaji zina jina la kampuni na namba yake ya mlipakodi, na mpe wakala wa forodha nakala kabla meli haijatia nanga Mombasa au Dar es Salaam, maana chini ya mfumo wa himaya moja ya forodha maelezo ya mzigo wa Uganda huwasilishwa na kodi zake hulipwa mzigo ukiwa bado bandarini. Ushuru wa mashine ukiwa sifuri, bado yapo malipo mengine: kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18, ambayo masharti ya kuiahirisha kwa mashine huombwa URA mapema, na kuna kodi ya zuio ya asilimia 6 kwa asiyesamehewa.

8. Waandikishe wafanyakazi.

Sajili mahali pa kazi kwenye idara ya usalama na afya kazini ya Wizara ya Kazi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mfanyakazi, na tangu mabadiliko ya mwaka 2022 haijalishi kama una mfanyakazi mmoja au mia. Raia wa Kenya na Rwanda hawalipii kibali cha kazi Uganda, lakini ni lazima waombe kibali chenyewe. Wengi husikia nusu ya kwanza ya sentensi hiyo tu.

9. Thibitisha ubora kabla ya kuchapisha lebo.

Mwite mkaguzi wa UNBS, shirika la viwango, ambao makao yao yako Bweyogerere, ukiwa na sampuli, na subiri cheti ndipo uchapishe lebo elfu kumi. Alama ya ubora ya nchi mwanachama hutambuliwa na nchi nyingine za Jumuiya, na hilo peke yake linalipa gharama yake mpakani. Kama unasaga mahindi badala ya kukamua alizeti, nunua kipima unyevu siku ileile unayonunua mzani. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu (aflatoksini) isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni, na Machi 2021 Kenya iliyafungia mpaka mahindi ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu.

10. Omba msamaha wa kodi, haujileti wenyewe.

Msamaha wa kodi ya mapato wa miaka 10 kwa mwekezaji aliye ndani ya eneo la viwanda au eneo huru una kizingiti cha mtaji: dola milioni 10 kwa mgeni, dola 300,000 kwa raia wa Afrika Mashariki, na dola 150,000 kwa raia anayewekeza mikoani. Usindikaji wa mazao umo katika orodha ya shughuli zinazokubaliwa. Masharti ni kwamba angalau asilimia 70 ya malighafi itoke nchini, inapopatikana, na angalau asilimia 70 ya wafanyakazi wawe raia, na mishahara yao ifikie asilimia 70 ya mishahara yote. Sharti hilo la mishahara ndilo linalowanasa watu: vijana arobaini wa kubeba magunia hawafikii kwa urahisi mshahara wa wahandisi watatu wa kigeni.

Kusamehewa kodi si kusamehewa ritani, yaani taarifa ya mapato kwa URA. Peleka ritani kila mwaka hata ikiwa ni ya sifuri, na endelea kukata kodi ya mishahara kila mwezi kabla ya tarehe 15.

Mambo yakikwama

*Mashine zimefika, jengo halijaisha.* Usiziache zikilipiwa siku kwa siku kwenye yadi. Mwombe wakala azihamishie kwenye ghala la dhamana, ambako kodi huahirishwa na pango ni nafuu, kisha ulipe zitakapotoka. Mteja wangu mmoja alilipa muuzaji kabla ya kupata kiwanja, na gharama za kuhifadhi makontena mawili zilipofikia bei ya gari dogo akauza kikamulio kimoja ili akikomboe cha pili.

*Muda wa kuanza ujenzi unakaribia na fedha hazijatoka benki.* Andika barua ya kuomba nyongeza kabla muda haujaisha, uambatishe barua ya benki na picha za kazi iliyokwisha kufanyika, hata kama ni uzio na msingi tu. Barua inayofika baada ya muda kuisha husomwa kama utetezi.

*Mtu amelima ndani ya kiwanja chako.* Usiing'oe mihogo. Mwite mwenyekiti wa LC1 na ofisa wa mamlaka iliyokupa kiwanja, andikeni tarehe ya mavuno ambayo mkulima ataondoka, na wote watie sahihi.

*Mzigo umezuiwa Malaba kwa sababu ya uasili.* Mara nyingi kasoro iko kwenye karatasi: jina la bidhaa kwenye cheti halilingani na la ankara, au namba ya ushuru ni tofauti. Rudisha cheti URA kirekebishwe, na usijaribu kukirekebisha kwa kalamu mpakani. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000, bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, tumia cheti rahisi kinachotolewa palepale mpakani.

*Uko ndani ya eneo huru na mauzo ya ndani yanakaribia asilimia 20.* Simamisha ankara za ndani mara moja na uwaandikie UFZEPA na forodha. Kama soko lako limehama kweli, anza mazungumzo ya kuachia leseni na kuingia eneo la viwanda la kawaida, na ujue kwamba malighafi na bidhaa zilizoko ghalani siku ya kutoka zitahesabiwa moja moja na kulipiwa ushuru, kwa hiyo punguza akiba ya ghala miezi miwili kabla.